Mkono Unaotetemeka: Historia ya Dawa za Akili, Ikitazamwa Kutoka Macalder

Kwa Dholuo, yath ni mti. Yath pia ni dawa. Ukiwa Macalder, kule Nyatike, na mtu akuambie anaenda kutafuta yath, itabidi utazame anaelekea wapi ndipo ujue. Akishika njia ya vichakani, ni mzizi. Akishika njia ya hospitali, ni tembe. Na kama mgonjwa wao ana neko, yaani wazimu, familia nyingi hushika njia zote mbili wiki hiyo hiyo, kisha ya tatu, ya kanisani, siku ya Jumapili.

Naanza na neno hilo kwa sababu historia ya dawa za akili huwa tunasimuliwa kana kwamba ilianzia na kuishia Paris. Hadithi yenyewe inapendeza: mwaka 1952 dawa mpya inajaribiwa, minyororo inaanguka, wodi zilizojaa mayowe zinatulia, wagonjwa wanarudi nyumbani. Sehemu kubwa ni kweli. Lakini ukiisoma ukiwa umeketi kwenye benchi la kliniki ya Nyatike, unagundua kuna mtu ameachwa nje ya hadithi. Ni yule anayemtazama mgonjwa siku ya tatu baada ya dawa kuingia mwilini, shingo inapoanza kupinda na ulimi kuwa mzito. Mara nyingi mtu huyo ni nesi. Hoja yangu ni kwamba dawa hizi zilizaliwa kutokana na madhara, na mpaka leo kufaulu kwake kunategemea kama kuna mtu anayeyasoma madhara hayo.

Wacha kwanza nikueleze Macalder, kwa wale ambao hawajafika. Jina si la Kijaluo. Ni jina la mgodi. Enzi za ukoloni kampuni zilichimba dhahabu na shaba hapa, na mgodi wa shaba ukafungwa 1966. Kampuni iliondoka, mashimo na vilima vya mchanga vikabaki, na watu wakaendelea kuchimba kwa mikono yao. Mpaka leo wanaume hushuka shimoni kwa kamba, wanawake huponda mawe na kuosha mchanga, na dhahabu hunaswa kwa zebaki. Hiyo zebaki usiisahau, itarudi baadaye.

Wakati mgodi wa wazungu ukinguruma, mtu akichanganyikiwa akili huku hakuwa na kliniki ya kukimbilia. Kulikuwa na ajuoga. Kulikuwa na kamba ya kumfungia nyumbani. Na mambo yakizidi, kulikuwa na Mathari.

Mathari ilifunguliwa Nairobi mwaka 1910, mahali palipokuwa pametumika kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka 1924 ikaitwa Mathari Mental Hospital. Kutoka Macalder ni karibu kilomita 400, na mara nyingi safari ya mgonjwa ilipitia kwa chifu, polisi na hakimu kabla ya kufika kwa daktari. Ndani, wodi zilitengwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Hebu fikiria Kenya hii yetu, ambapo hata leo mtu akitaka kukutusi anakuambia umetoroka Mathari. Tusi hilo lina umri mkubwa kuliko bibi zetu wengi.

Kuanzia 1938 hadi 1950 msimamizi wa Mathari alikuwa J. C. Carothers, daktari wa kawaida wa serikali ambaye alikabidhiwa hospitali hiyo kabla hajapata mafunzo ya magonjwa ya akili. Mwaka 1951 aliandika makala ya kisayansi akidai kwamba Mwafrika wa kawaida hutumia sehemu ya mbele ya ubongo kidogo, kama Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata mishipa ya sehemu hiyo. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Yaani watu waliodai ardhi yao walieleweka kama kesi ya hospitali.

Namtaja Carothers kwa sababu ya miaka hiyo: 1951, 1952, 1953. Wakati yeye anaandika kwamba Mwafrika mzima ni kama Mzungu aliyekatwa ubongo, kule Ufaransa ilikuwa inajaribiwa dawa ambayo baadhi ya madaktari waliisifu kwa kusema inafanya kazi ya upasuaji huo bila kisu. Kwao utulivu wa namna hiyo ulikuwa maendeleo ya tiba. Kwetu ulikuwa umeshaandikwa kama maumbile. Ukiingia kwenye historia hii ukiwa Mwafrika, unapaswa kulisikiliza neno "ametulia" kwa sikio la pili.

Dawa yenyewe ilitengenezwa Desemba 1950 na mkemia Paul Charpentier wa kampuni ya Rhône-Poulenc. Aliyeifuatilia kwanza hakuwa daktari wa akili. Alikuwa Henri Laborit, daktari wa upasuaji wa jeshi la majini, aliyetafuta kitu cha kuuzuia mwili usishtuke vibaya wakati wa upasuaji. Akagundua kwamba wagonjwa waliopewa dawa hii hawalali, ila hawajali. Ukiwaambia wanakwenda kupasuliwa, poa tu. Kwa daktari wa upasuaji hilo lilikuwa jambo la kando. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakalifanya jambo hilo la kando kuwa kazi kuu, katika hospitali ya Sainte-Anne huko Paris. Dawa ni klopromazini. Wengi wa wazazi wetu wanaijua kwa jina la dukani, Largactil.

Sasa angalia dawa nyingine za kizazi hicho. Mwishoni mwa miaka ya 1940, huko Australia, John Cade alidunga simbilisi chumvi ya lithiamu akichunguza jambo jingine, akaona wanyama wamelegea na kutulia. Akawapa wagonjwa waliokuwa na wazimu wa furaha iliyopitiliza. Yule wa kwanza alipata nafuu kubwa ajabu, kisha mwaka 1950 akafa kwa sumu ya dawa hiyo hiyo, kwa maana bado hakukuwa na desturi ya kupima kiwango chake kwenye damu. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walichangamka kuliko ilivyotarajiwa. Uchangamfu huo, uliokuwa madhara ya dawa ya TB, ulikuja kuwa mwanzo wa dawa za sonona. Nchini Uswisi, Roland Kuhn alijaribu imipramini kwa wagonjwa wa skizofrenia, ikafeli, lakini akaona inawainua waliozama kwenye huzuni. Alitangaza matokeo hayo 1957. Na huko India, mzizi uliotumiwa tangu zamani kutuliza wenye wazimu ulitolewa dawa ya reserpini, ambayo miaka ya 1950 ilisambaa hospitalini Ulaya na Marekani, kabla ya watu kuanza kuiogopa kwa sababu iliwatia baadhi ya wagonjwa huzuni nzito. Yath na yath, mti na tembe, kitu kimoja.

Umeona mtindo? Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoanza na mtu aliyeelewa ugonjwa kisha akatengeneza tiba yake. Kila moja ilianza na mtu aliyekuwa akiutazama mwili, akaona jambo ambalo halikupangwa, na hakulipuuza. Madhara ndiyo yaliyokuwa mlango wa kuingilia.

Mlango huo ulikuwa na upande wa pili. Mwaka 1954 daktari Hans Steck wa Lausanne aliripoti kwamba wagonjwa waliopewa dawa hizi mpya wanakakamaa na kutetemeka kama watu wenye ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 1955 Delay na Deniker walizipa dawa hizo jina la Kigiriki lenye maana ya kushika neva. Jina zuri, na la kweli. Dawa inaishika akili iliyokimbia, na mkono huo huo unashika shingo, macho, ulimi, magoti.

Mwaka 1977 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu, zile ambazo nchi maskini zinapaswa kuwa nazo hata kama hazina kingine. Upande wa akili, orodha hiyo ilikuwa na klopromazini, haloperidoli, flufenazini, amitriptilini, lithiamu na diazepamu. Soma majina hayo polepole, kisha nenda kwenye duka la dawa la hospitali yoyote ya kaunti ndogo Nyanza. Mengi utayakuta rafuni, siku ambayo rafu haiko tupu. Dawa mpya kama risperidoni na olanzapini zipo Kenya, ila mara nyingi mgonjwa wa kijijini huambiwa akanunue nje. Tangu 2013 afya imekuwa kazi ya kaunti, kwa hiyo lawama imehama kutoka Nairobi hadi Migori, lakini haloperidoli ni ile ile ya Paul Janssen wa Ubelgiji, ya mwaka 1958.

Kati ya zote, iliyofaa mahali kama Macalder kuliko nyingine ni ile sindano ya mwezi, flufenazini, ambayo wengi huiita Modecate. Sababu ni rahisi kuelewa. Nauli ya bodaboda ni pesa. Mtu anayeshinda shimoni au aliyelala ziwani akivua omena hawezi kukumbuka tembe mara tatu kwa siku. Ndani ya boma, ugomvi wa "umekunywa dawa?" "nimekunywa" "fungua mdomo nione" unawachosha wote. Sindano moja, wiki tatu au nne, mambo kwisha. Dawa hiyo huchanganywa na mafuta ya ufuta, nyim ile ile inayoheshimika kwenye sherehe za Waluo, ili itoke polepole kwenye msuli. Nesi anatakiwa kuidunga ndani kabisa ya tako, mwezi huu kulia, mwezi ujao kushoto, la sivyo uvimbe unabaki.

Ila hapo pana jambo la kufikiria. Tembe ukiikataa unaitema. Sindano ikishaingia haitoki. Ikikukamata vibaya, itakushika kwa majuma. Ndiyo maana nesi makini huanza na kipimo kidogo, husubiri, hutazama, halafu ndipo anaongeza. Na ndiyo maana mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla sindano haijatolewa kwenye pakiti yake.

Anatakiwa kuambiwa nini? Hebu tushuke chini kabisa, kwenye mwili.

La kwanza ni shingo. Ndani ya siku chache za mwanzo, hasa kwa vijana wa kiume, misuli inaweza kukaza ghafla. Shingo inapinda, taya linajifunga, macho yanageuka juu na kubaki hapo, ulimi unajaa mdomoni. Inatisha kuliko wazimu wenyewe. Kijijini watu wataona juogi, au watasema amerogwa zaidi, na atapelekwa maombi usiku huo. Kumbe kuna sindano inayolegeza misuli hiyo kwa dakika chache tu. Hata promethazini, binamu wa klopromazini aliyetoka kwenye maabara za kampuni ile ile ya Kifaransa na ambaye zahanati nyingi humtumia kwa mzio, inaweza kusaidia pale ambapo dawa yenyewe hakuna. Tofauti kati ya muujiza na mkasa ni kama nesi aliwaambia: mkiona shingo inapinda, mleteni hapa, msingoje asubuhi.

La pili ni miguu. Baadhi ya wagonjwa hupata hali ya kutotulia. Anaketi, anasimama, anatembea, anarudi, anakanyaga mahali pamoja kama anayesubiri choo. Ndani anahisi kama ngozi yake inamfukuza. Anayemtazama kwa haraka anaandika kwenye faili: ugonjwa umezidi. Dawa inaongezwa. Hali inazidi. Dawa inaongezwa tena. Kuna watu wamefikia kutaka kujiua wakiwa kwenye mduara huo, ilhali kilichohitajika ni kupunguza dawa. Njia ya kuujua ni swali moja ambalo halihitaji mashine: "Je, unatembea kwa sababu unataka, au kwa sababu mwili unakataa kukaa?"

La tatu ni uso. Baada ya majuma, uso unaweza kukosa hisia, mate yakadondoka, hatua zikawa fupi, mkono ukaacha kubembea. Hapa ndipo watoto hutunga majina. Nimeona mtu akiitwa roboti kwenye soko letu, na waliomwita hivyo hawakuwa watoto peke yao. Kijiji kinaamini kinautazama wazimu. Kinachotazamwa ni dawa. Tembe za Artane hupunguza hali hiyo, lakini nazo hukausha mdomo, hufunga choo, na kwa wazee huvuruga kumbukumbu. Na wapo waliokaa kwenye dawa hizi miaka mingi, ambao midomo yao sasa hutafuna bila chakula na ndimi huchungulia zenyewe. Hiyo mara nyingine haiondoki hata dawa ikisimamishwa.

Kuna mengine yasiyosemwa kwa sauti. Titi la msichana ambaye hajazaa linatoa maziwa. Hedhi inakatika na nyumba nzima inaanza kuulizana nani kampa mimba. Mwanaume anashindwa kitandani na hawezi kumwambia nesi mwenye umri wa dada yake mdogo. Klopromazini huifanya ngozi iungue upesi juani, na jua la Nyatike halina mchezo. Pia hushusha presha mtu anapoinuka, kwa hiyo kabla ya kumdunga, pima akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Mchimbaji anayepata kizunguzungu juu ya kamba ya shimo, au mvuvi anayesinzia ndani ya mtumbwi, hatakufa kwa neko. Atakufa kwa ushauri ambao hakupewa.

Halafu kuna homa.

Kando ya ziwa, homa ni malaria mpaka ithibitishwe vingine, na mara nyingi haithibitishwi. Lakini dawa hizi zina homa yao, nadra na ya kuua: joto linapanda, jasho linatiririka, mwili unakakamaa, akili inapotea, presha inapanda na kushuka ovyo. Mgonjwa huyu akitibiwa malaria huku sindano yake ya haloperidoli ikiendelea, anaweza kufa. Kwa anayetumia klozapini kuna homa nyingine. Mwaka 1975 huko Finland watu walikufa baada ya dawa hiyo kumaliza chembe nyeupe za damu yao, na tangu hapo haitolewi bila kupima damu. Kwa mgonjwa wa klozapini, homa na koo linalouma ni dharura.

Nesi mmoja mstaafu, aliyefanya kazi pande hizi miaka mingi, alinisimulia kuhusu kijana aliyeletwa akiwa anachemka kama sufuria. Kila mtu alikuwa ameshasema malaria.

"Sasa Sista, wewe ulijuaje?"

"Nyathina, malaria haimfanyi mtu kuwa mgumu kama ubao. Nilimkunja mkono, mkono ukakataa. Nikamuuliza mamake, huyu amedungwa nini wiki hii?"

"Akasema?"

"Akanipa kadi. Ilikuwa kwenye leso yake, amefunga fundo. Tukasimamisha ile dawa, tukamweka maji, tukamtafutia gari."

Kadi iliyofungwa kwenye leso. Katika historia nzima ya Rhône-Poulenc na Sainte-Anne sijasoma kuhusu chombo muhimu kuliko hicho.

Sasa turudi kwenye zebaki, na kwenye mkono nilioutaja katika kichwa cha makala haya.

Mvuke wa zebaki ukipumuliwa muda mrefu huharibu neva. Ulaya ya zamani watengenezaji kofia, waliotumia zebaki kulainisha manyoya, walijulikana kwa kutetemeka na tabia za ajabu. Dalili zake ni kutetemeka kunakoanzia vidoleni, kwenye kope na midomo, kisha kukosa usingizi, hasira za ghafla, aibu isiyo na sababu, kusahau. Msome mtu huyo kwa nje: anatetemeka, halali, anafoka, anajificha. Ukimpeleka kliniki bila kusema kwamba kila jioni huchoma dhahabu jikoni, ataandikiwa dawa ya akili. Dawa itamwongezea mtetemeko. Mtetemeko utaandikwa kama madhara au kama ugonjwa, na zebaki itaendelea kupanda na moshi, pamoja na watoto wanaoota moto hapo hapo.

Kwa hiyo mkono unaotetemeka Macalder una tafsiri nyingi. Inaweza kuwa haloperidoli: mkono hutetemeka ukiwa umetulia pajani, na mwili wote ni mzito. Inaweza kuwa zebaki: hutetemeka zaidi unapofanya kazi. Inaweza kuwa chang'aa: hutetemeka asubuhi na hutulia baada ya glasi ya kwanza. Inaweza kuwa lithiamu. Na lithiamu nayo ni dawa ya chumvi na maji. Mchimbaji anayetoka jasho siku nzima, au mtu aliyeshikwa na kuhara, hukauka, na lithiamu hupanda kwenye damu yake mpaka inakuwa sumu. Mtetemeko mdogo unakuwa mkubwa, anatapika, anayumba kama mlevi. Anayetumia lithiamu anahitaji kupimwa damu, kunywa maji ya kutosha, kutobadilisha chumvi ovyo, na kutonunua dawa za maumivu kama ibuprofeni bila kuuliza. Mahali ambapo kipimo hicho hakipatikani, daktari muungwana huogopa kuitoa.

Na hatuwezi kuzungumza kuhusu dawa na akili Migori na Homa Bay tukaruka ukimwi. Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulikuta virusi kwa karibu asilimia 20 ya watu wazima Homa Bay na asilimia 13 Migori, wakati wastani wa Kenya ulikuwa chini ya 5. Kwa miaka mingi tembe ya kila usiku ilikuwa na efavirenzi, dawa iliyookoa maisha mengi na iliyoleta ndoto kali, kizunguzungu, na kwa wachache huzuni nzito au kuchanganyikiwa. Mtu aliota anafukuzwa usiku kucha, akaamka, akaambiwa ni mizimu ya ziwani. Kuanzia 2017 Kenya ilianza kuhamia dolutegraviri, na ndoto hizo zikapungua. Lakini kuna mtego: kabamazepini, dawa ya kifafa ambayo pia hutuliza akili, hupunguza nguvu ya dolutegraviri mwilini, na mgonjwa anahitaji kuimeza mara mbili kwa siku. Kabamazepini hiyo hiyo hudhoofisha kipandikizi cha uzazi wa mpango mkononi. Nayo valproeti inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Nesi wa kliniki ya akili na nesi wa kliniki ya ARV wanaweza kuwa vyumba viwili jirani, mgonjwa mmoja akiwa na kadi mbili, na hakuna aliyewahi kuziweka kadi hizo kwenye meza moja.

Sheria imesogea. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilirekebishwa 2022, na sasa inamtambua mgonjwa kama mtu mwenye haki ya kupewa maelezo na kushiriki katika maamuzi ya matibabu yake. Mwaka 2020 jopokazi la serikali lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa janga la taifa. Madaktari bingwa wa akili bado ni wachache, na wengi wao wako Nairobi. Kwa hiyo haki hiyo iliyoandikwa Nairobi itatimizwa au itavunjwa na nesi mmoja katika chumba kimoja, foleni ikiwa imefika nje mpaka mwembeni.

Sisemi haya ili mtu atupe tembe zake. Nimewaona watu waliorudi kutoka mbali kwa sababu ya sindano ile ya mwezi: wamelima, wameoa, wamesomesha. Wanaotupa dawa wana sababu zao, na mara nyingi sababu ni mwili. Aliona maziwa, akaona mate, akaona kitandani mambo yamekwama, hakuna aliyemwambia kwamba hayo yana jina na yana njia ya kupunguzwa. Akaacha. Ugonjwa ukarudi. Kijiji kikasema dawa ya hospitali haiwezi neko. Familia ikashika tena njia ya vichakani, au ikatoa kamba.

Kuna kipimo kimoja cha bei rahisi kuliko vyote. Kila mgonjwa anayejua kuandika akija kliniki, mpe kalamu aandike jina lake kwenye daftari lake, palepale juu ya tarehe. Dawa ikimkakamaza kupita kiasi, herufi huanza kuwa ndogo, zinabanana. Zebaki au lithiamu ikizidi, mistari inakuwa na mawimbi. Akipata nafuu, jina linanyooka. Baada ya mwaka mmoja kuna majina kumi na mawili kwenye daftari hilo, na nesi yeyote mgeni anaweza kuyafuata kwa kidole kutoka juu hadi chini, akajua dawa imemfanyia nini mtu huyu.